Duka la kusafisha picha za zamani Kariakoo, nilikopeleka picha ya nyumba ya wazee iliyobomolewa

Naandika hii kwa wale wenye picha za zamani ukutani au kwenye sanduku la mama, hasa picha za nyumba ambazo sa hivi ukienda pale unakuta ghorofa. Mi nimepeleka moja, nimelipa kwa hela yangu, na kazi yao nimekaa nayo wiki tatu naiangalia kila siku kabla sijaandika, kwa hiyo nitasema yote, yaliyonifurahisha na yaliyonikera.

Duka lenyewe halina jina. Ni chumba kimoja ghorofa ya pili, Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, chini wanauza vitenge na mapazia, ukifika ulizia ngazi za pembeni utaona kibao cha mbao kimeandikwa PICHA NA FREMU. Basi. Matangazo hawana, mi nilielekezwa na dada mmoja tuliyekaa siti moja kwenye mwendokasi, aliniona nimekumbatia kitu nimekifunga kwenye khanga nalia, akaniuliza dada vipi, nikamwambia, akasema usirudi nyumbani, shuka hapo Msimbazi nikuelekeze kwa mzee mmoja.

Sasa ili muelewe kwa nini nilikuwa nalia inabidi niwaambie kwanza picha ni ya nini. Mnivumilie maana hapa nitakaa kidogo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa kuli bandarini. Alitoka Rufiji kijana, hana ndugu wa damu mjini, akafikia kwa watu wa kwao kama ilivyokuwa desturi. Enzi hizo meli kubwa zilikuwa hazisogei gatini, zinatia nanga katikati ya bandari alafu mzigo unashushwa kwenye matishari ndo unaletwa ufukweni, magati ya kina kirefu ya Dar yamekuja kufunguliwa 1956. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa mgongo. Marobota ya katani, magunia, mbao, mabati, vyote mgongo. Na wengi walikuwa vibarua wa siku, meli ikiwepo unalipwa, meli isipokuwepo unarudi mikono mitupu, na siku mgongo ukikataa ndo basi tena, hakuna pensheni, hakuna kiinua mgongo, hakuna mtu wa kukuuliza umekula nini.

Kina babu wakawa na chama chao cha watu wa kwao. Mwanzo kilikuwa cha kuzikana tu, mtu akifa sanda na ubani na nauli ya mtu wa kwenda kupeleka habari Rufiji vinatoka kwenye sanduku la chama. Alafu, babu alikuwa anasimulia, wakagundua tatizo sio kifo peke yake, kuna ile miaka kabla ya kifo, mtu kazeeka, kuoa hakuoa au mke kafariki, mtoto hana au mtoto kapotelea huko Mombasa, kijijini karudi akakuta shamba lina watu wengine. Mtu wa namna hiyo alikuwa analala kwenye vibaraza vya watu. Ndo wakachanga. Shilingi kwa shilingi, miaka, mpaka wakapata kiwanja hapo hapo Kariakoo wakajenga nyumba ya kukaa wazee wa chama.

Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye vita ya kwanza. Kila nikifikiria hilo nasikia kitu kifuani, mtaa wenye jina la wabeba mizigo, na ndani yake wabeba mizigo wakajijengea wenyewe nyumba ya kuzeekea.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa. Vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati umenyooka kutoka mlango wa mbele mpaka uani, uani kuna jiko, bafu, choo na mwarobaini mmoja. Kuta za miti na udongo zilizopigwa plasta ya saruji mbele tu, upande wa barabarani, pembeni udongo ulikuwa unaonekana. Vyumba vitano vya kulala, wazee wawili wawili, kile cha sita kushoto ukiingia kilikuwa cha sanduku. Sanduku la chama lilikuwa na kufuli tatu na kila ufunguo alishika mtu wake, kwa hiyo kulifungua ilibidi watatu wawepo, mmoja akiumwa hela hazitoki mpaka apone. Hakuna mtu aliwahi kusema senti ilipotea.

Mi nimeikuta nyumba ikiwa inaelekea mwisho. Nilikuwa na miaka kama minane, bibi ananituma na sufuria ya uji wa mchele asubuhi kabla ya shule, wazee wamebaki watatu. Kila mzee alikuwa na msumari wake ukutani juu ya kitanda, kwenye msumari kanzu, juu ya kanzu kofia. Na mzee akifa msumari haukung'olewa. Nakumbuka chumba kimoja kilikuwa na misumari mitupu mingi kuliko vitanda, nikamuuliza bibi kwa nini hawaitoi, akaniambia nyamaza, peleka uji.

Hao wazee hawakuwa wa kuonewa huruma, nataka hili lieleweke. Walikuwa wanagombana kuhusu bao kwa sauti mpaka mtaa wa pili wanasikia. Walikuwa wanasuluhisha ndoa za watu. Kijana akitoka Rufiji na kifurushi chake alikuwa anapelekwa pale kwanza wamwangalie, wamuulize baba yake nani, babu yake nani, alafu ndo anatafutiwa pa kulala. Wakizikwa walizikwa Kisutu na watu wanajaa barabara.

Kilichoimaliza nyumba hakikuwa kitu kimoja. Mwaka 1964 ilianzishwa akiba ya wafanyakazi, NPF, ile ambayo 1997 imekuja kuwa NSSF, kwa hiyo kina baba walioajiriwa bandarini baada ya hapo walikuwa na pa kutegemea, hawakuona sababu ya kuingia chama cha wazee wao. Alafu watoto wa mjini wakaoa makabila mengine, Rufiji ikawa ni mahali pa kwenda msibani. Wanachama wakawa wanapungua kwa kufa na hakuna anayeingia. Mzee wa mwisho amefariki 2004. Kiwanja kilikuwa kimeandikwa majina ya wadhamini watatu, wote marehemu, na hapo ndo maneno yakaanza kati ya watoto wa wadhamini, mimi sitaingia huko maana ni ndugu na majirani na wengine bado tunasalimiana. 2009 ikaingiwa ubia na mwekezaji, nyumba ikabomolewa kwa siku mbili. Siku ya pili nilikuwepo. Mlango wa mbele ulipakiwa kwenye mkokoteni na vijana, ukapita mbele yangu na komeo lake bado linaning'inia, mpaka leo najilaumu sikuwasimamisha niwape hata elfu ishirini wauache.

Sa hivi pale ni ghorofa, chini fremu za mabegi na viatu vya jumla, juu stoo. Nikipita naweza kuwaonyesha kabisa ulipokuwa mwarobaini.

Watu wa Magomeni Kota nao walibomolewa, wakahangaika miaka, ila angalau 2022 yalizinduliwa majengo mapya na zile kaya 644 zikarudi. Kwetu hapakuwa na wa kurudi. Na mzee asiye na mtu leo hapa Dar anaangukia serikalini, mfano kule makao ya Nunge, Kigamboni, na ni jambo jema kwamba yapo, ila ni tofauti na nyumba uliyochangia mwenyewe ukiwa na nguvu zako. Baada ya hii ishu nimesoma sana, nikakuta hata Marekani jumuiya za udugu zilikuwa na nyumba kama hizi, tena kubwa kubwa na mashamba yake. Odd Fellows ambao kule walianzia Baltimore 1819 walikuwa na ahadi ya kutembelea mgonjwa, kumsaidia aliyekwama, kuzika maiti na kusomesha yatima, yaani neno kwa neno ungedhani ni babu yangu anaongea. Elks, jumuiya nyingine ya namna hiyo, walifungua ya kwao Bedford, Virginia, 1903. Na zenyewe zikafa kwa njia ile ile, serikali yao ikaleta hifadhi ya jamii 1935, vijana wakaacha kujiunga, majengo mengi yakauzwa, mengine yakabomolewa. Nilivyosoma hivyo nilipoa kidogo. Kumbe sio kwamba watu wa kwetu walikosa akili.

Basi. Katika yote hayo kilichobaki ni picha moja. Nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, wazee saba wamekaa barazani, mlango uko wazi nyuma yao. Shangazi yangu alikuwa nayo kwenye fremu miaka yote, na kwa unyevu wa huku kwetu ukungu umeingia, madoa ya njano, na picha ilikuwa imegandana na kioo, ukitikisa haichezi.

Kwanza niliipeleka sehemu nyingine mjini, sitaitaja. Pa kisasa, kiyoyozi, vijana wamevaa fulana za kufanana. Kijana akaipiga kwa simu juu kwa juu, akaingiza kwenye programu ya AI, dakika kumi nimeletewa karatasi inang'aa, elfu kumi na tano. Nikaitazama nikaona imependeza, nikaondoka. Nikafika kwa shangazi nikampa. Akavaa miwani, akaangalia, akaangalia, akaniuliza "huyu nani?"

Nikamwambia shangazi si huyu mzee wa tatu kutoka kushoto. Akasema sio yeye. Yule mzee jicho la kushoto lilikuwa bovu, kamba ya tishari ilikatika ikampiga, kila mtu alimjua kwa jicho lile. Ile mashine imempa macho mawili mazima. Mwingine imempa meno. Mlango wetu wa mbao za kawaida imeuchonga nakshi kama mlango wa Zanzibar, na pale juu ya mlango ambapo kwenye picha ya zamani kuna kitu kama maandishi imeweka vimikwaruzo kama minyoo. Shangazi hakugomba. Aliirudisha tu kwenye bahasha akaniambia, "mwanangu hawa siwajui." Kesho yake nilirudi kwa wale vijana wakaniambia mbona imetoka fresh sister, hela hairudi. Hapo ndo nikapanda mwendokasi nalia.

Kwa huyu mzee wa Mtaa wa Aggrey ilikuwa hivi. Nimeingia, shikamoo, marahaba mwanangu, kaa. Hakugusa picha. Alinawa mikono kwanza, akafuta kwa kitambaa, akatandika karatasi nyeupe mezani ndo akaniambia fungua mwenyewe. Akatoa lenzi ya mkononi akainama juu ya kile kioo kama dakika tano bila kuongea. Alafu akaanza kuuliza. Nyumba hii iko wapi? Hawa ni nani? Kuna mtu yuko hai anawafahamu? Huyu jicho lake ni picha imeharibika au ndo lilivyokuwa? Hilo swali la jicho ndo lilinifanya nimuamini, nilimjibu nusu nalia tena.

Akanieleza anavyofanya kazi na nimekariri maneno yake kwa sababu nataka na nyie mkiingia duka lolote muulize hivyo: "mimi natoa kilichoingia baada ya picha kupigwa. Ukungu, doa, mkunjo, mkwaruzo. Kilichokuwepo siku ile, kiwe kizuri kiwe kibaya, hakinihusu."

Kuhusu kioo, mi nilifikiri atabandua. Akakataa kabisa. Akasema kwenye picha hizi za zamani picha yenyewe iko kwenye utando mwembamba juu ya karatasi, ukilowa unyevu unanata kwenye kioo kama gundi, ukivuta utando unabaki kwenye kioo na mkononi unabaki na karatasi nyeupe. Ameshaona watu wamefika kwake na picha ya harusi ya mama yao, uso mmoja uko kwenye kioo na mwingine uko kwenye karatasi. Kwa hiyo inabaki na kioo chake hivyo hivyo, anaipiga na kioo juu. Ana kamera imefungwa kwenye stendi inaangalia chini, taa mbili pembeni zimelala upande upande ili mwanga usirudi kwenye lenzi, na kitambaa cheusi anakitundika juu ili kamera isijione yenyewe kwenye kioo. Picha yetu ndogo vile aliipiga kwa vipande tisa, vya karibu karibu, alafu anaviunga kwenye kompyuta. Aliniruhusu nikae nitazame, alichukua karibu saa nzima kwa hatua hiyo tu.

Siku ya kuchukua ndo ilikuwa siku yenyewe. Akaniita nyuma ya meza akafungua kompyuta, akaniambia kabla sijakuchapishia njoo uone kitu. Akavuta pale juu ya mlango. Akavuta tena. Ile plasta ya saruji, mtu alikuwa ameandika kwa kidole au kijiti ikiwa bado mbichi, herufi za Kiarabu. Mzee alisoma chuoni utotoni anazijua, akaweka kidole kwenye skrini akasoma taratibu kutoka kulia: nyumba ya wazee. Na chini yake tarakimu nne, 1370.

Nilikaa chini. Sisi kwenye familia miaka yote tunaambiwa nyumba ilijengwa wakati wa uhuru. Baba mdogo anaapa kabisa kwamba ni 1961. Mwaka 1370 wa Hijria ulianza Oktoba 1950 ukaisha mwanzoni mwa Oktoba 1951. Yaani nyumba ilitangulia uhuru kwa miaka kumi, imetangulia hata TANU iliyozaliwa Julai 1954.

Na kuna neno la babu ambalo lilikuwa halijawahi kueleweka. Ukimuuliza hii nyumba ilianzaje alikuwa anasema "walipotufungia ndo tukajenga." Sisi tulidhani anamaanisha jela, shangazi alikuwa hataki hata liongelewe mbele ya wageni. Sasa angalia miaka. Makuli wa Dar waligoma 1939, wakagoma 1943, 1947 wakagoma mgomo ukapanda mpaka kwenye reli ukaenda bara, na baada ya hapo ndo wakapata chama chao rasmi cha wafanyakazi wa bandarini. 1950 kukawa na mgomo mwingine na vurugu, na serikali ya mkoloni ikakivunja hicho chama mwaka huo huo. Nyumba ina 1370. Mi naamini babu alikuwa anasema chama, kilichofungiwa ni chama. Waliambiwa wasikusanyike kama wafanyakazi, wakakusanyika kama watu wa Rufiji, na hela ambazo wangechangia kule wakachangia huku. Hayo yote yalikuwa pale juu ya mlango, tumepita chini yake miaka yote na sufuria za uji, na nusura yapotee kwa sababu ya mashine iliyoona ni uchafu.

Haya, sasa mabaya maana nimeahidi.

Waliniambia wiki moja, zikawa siku kumi na sita. Nilipiga simu mara tatu haipokelewi, ikabidi nipande mwenyewe, ndo naambiwa umeme ulisumbua na kijana wake wa fremu alikuwa na msiba. Sawa, msiba ni msiba, ila mtu apige simu jamani, mi niliacha kitu pekee tulichonacho kwenye chumba cha mtu nisiyemjua na usiku nilikuwa silali. Pili, bei haziko ukutani, na kuna elfu nane ya paspatu, lile karatasi nene linalokaa kati ya picha na kioo, nimeambiwa siku ya kuchukua. Ni muhimu kweli, ndo linazuia picha mpya isije ikagandana na kioo kama ya zamani, lakini wangesema mapema. Tatu, ngazi. Nyembamba, giza, hakuna pa kushika. Shangazi alitaka kuja kuona kazi ikifanyika, alifika ghorofa ya kwanza magoti yakakataa tukarudi. Kwa duka ambalo wateja wake wengi ni wazee au wanaleta vitu vya wazee hilo naomba walifikirie, hata waweke kiti na meza pale chini kwa muuza vitenge mtu apokelewe hapo.

Na usije na haraka. Ukitaka ya kupeleka msibani kesho sio hapa.

Bei nilizolipa mimi: kupiga na kusafisha elfu thelathini kwa sababu kazi ilikuwa nzito, picha nyepesi anasema anaanzia elfu kumi na mbili. Kuchapa saizi ya A3 elfu kumi na tano. Fremu ya mninga elfu thelathini na tano. Na hiyo paspatu elfu nane. Jumla 88,000. Unalipa keshi au kwa simu, risiti ya kuandikwa kwa mkono. Ni hela nyingi, sikatai, nilijinyima mwezi mzima. Ila kwenye flashi wamenipa mafaili matatu, moja la picha kabla hajagusa chochote na madoa yake yote, moja lililosafishwa, yote mawili TIFF ambayo ni mazito lakini hayapotezi kitu, na moja dogo la JPEG la kurusha kwenye grupu la familia. Hilo la kwanza nilimuuliza la nini, akasema kesho keshokutwa anaweza kuja fundi mzuri kuliko yeye, aanze upya. Hakuna mtu wa biashara amewahi kuniambia neno kama hilo.

Picha ya zamani amenirudishia na kioo chake, kwenye boksi la karatasi, kaniambia isikae kwenye nailoni, isikae ukuta wa nje unaopata mvua, na nisiruhusu mtu yeyote kuipiga laminesheni.

Nikaipeleka Temeke kwa shangazi. Nilimkuta anachambua mchele, akaweka ungo pembeni, akafuta mikono kwenye khanga, akavaa miwani. Safari hii aliwataja wote saba, mmoja mmoja, na kijiji cha kila mmoja, Utete, Mohoro, Ikwiriri, hakukwama. Kwenye lile jicho bovu akaweka kidole akacheka peke yake. Alafu akanyamaza akasogeza uso. Pale mlangoni nyuma ya wazee, ambapo kwenye picha ya zamani palikuwa weusi mtupu, sasa unaona kuna mtu. Uso hauonekani, umeingia kivulini. Unaona pindo la khanga, na mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, na kwenye mkono bangili nene imesokotwa kama kamba.

Shangazi aliinuka hakusema kitu akaenda chumbani. Akarudi na kitambaa, akakifungua juu ya meza pembeni ya picha. Bangili ile ile, ya fedha, aliachiwa na bibi. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuona picha ya bibi akiwa kijana, tuliambiwa haipo. Kumbe alikuwa ukutani kwa shangazi muda wote, kasimama mlangoni anasubiri wapigwe picha amalize kupika.

Kuna kopo la biskuti la shangazi lina picha zingine kumi na nne, alikuwa hataki zitoke ndani ya nyumba. Kanipa mwenyewe. Nimeshaongea na mzee, kwa kuwa ni nyingi atanifanyia elfu tisa tisa, naenda Jumamosi asubuhi. Duka linafunguliwa saa tatu, Ijumaa wanafunga saa sita wanaenda kuswali wanarudi saa nane, Jumapili hawapo.